Fomu za wanafunzi zisiishie kabatini

Hapana shaka kwamba wakazi wa Meru na Embu wana sababu ya kujivunia vyuo vikuu vilivyochipuka upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2006. Kile cha Chuka na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vikafuata mwaka 2013, na cha Embu mwaka 2016.

Hata hivyo, kuwa na chuo karibu ni jambo moja na kufundishwa vyema ni jambo jingine. Je, ni nani ajuaye kama mhadhara ulieleweka?

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliunda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na kuipa jukumu la kusimamia ubora. Vyuo vingi navyo vikatafuta vyeti vya kimataifa vya ISO 9001. Juhudi hizo ni njema. Lakini msomaji afahamu kwamba cheti hicho huthibitisha kuwa taasisi ina taratibu na inazifuata. Hakithibitishi kwamba somo la takwimu lilifundishwa likaeleweka.

Ajuaye hilo ni mwanafunzi. Wahenga walinena, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana wanafunzi hupewa fomu za kutathmini ufundishaji. Kasoro ni kwamba fomu hizo aghalabu hutolewa muhula unapokaribia kwisha, wakati aliyezijaza hawezi tena kufaidika. Vijana niliowafundisha katika shule ya upili hunitembelea likizoni na kunieleza kuwa huzijaza harakaharaka tu, kwa kuwa hawajapata kuelezwa ni lipi lililobadilika kutokana na waliyoandika.

Wapo wahadhiri wanaodai kwamba mwanafunzi humsifu yule anayegawa alama kwa ukarimu. Hofu hiyo ina msingi. Mwanafunzi si mnunuzi sokoni. Kozi ngumu yaweza kumchukiza leo na kumfaa kesho. Basi na aulizwe yale aliyoyashuhudia. Je, mhadhiri alifika kwa wakati? Silabasi inakwenda kama ilivyopangwa? Kazi zilisahihishwa na kurudishwa? Vifaa vya maabara vilitosha? Kina cha mada kipimwe na wahadhiri wenzake na watahini wa nje. Wala tusimtwike mhadhiri lawama za ukumbi uliofurika au maktaba isiyo na vitabu. Hayo ni ya wasimamizi kujibu.

Nionavyo mimi, hojaji fupi isiyo na jina la mwanafunzi itolewe katika wiki ya 6 ya muhula. Kabla ya wiki mbili kupita, mkuu wa idara afike darasani aeleze yatakayorekebishwa na yasiyowezekana, pamoja na sababu zake. Anayefundisha vyema naye atambuliwe hadharani wakati wa kupandishwa vyeo.

Nyuma ya kila mwanafunzi kuna mzazi aliyeuza kahawa, majani chai, miraa au muguka ili alipe karo. Mzazi huyo hawezi kuingia ukumbini kukagua mhadhara. Macho yake ni mwanawe, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakuu wa vyuo na wazisome fomu hizo mapema, kisha wazijibu.