Gitaa la Kwaya: Nunua kwa Masikio, Si kwa Macho

Huenda katika kigango chenu vijana wa kwaya wamekwisha kuanza kunong'ona jambo hili: wanataka gitaa la umeme. Nguzo za umeme zimefika kijijini, ufuta umeuzwa, na redioni wanasikia kwaya za mjini zikiimba kwa magitaa. Wewe ni mzazi, au mweka hazina, au katekista, na fedha zitatoka mfukoni mwako. Basi kabla hujasema ndiyo au hapana, keti kidogo usome habari hii, maana mimi nimekwisha kukosea mahali ambapo wewe hujafika bado.

YALIYOTUPATA SISI

Kwaya yetu ililima ekari mbili za ufuta kwa ajili ya gitaa. Mvua ilikuwa nzuri, mnada ukatoa bei njema, na waamini wengine wakaongeza walichokuwa nacho. Mama mmoja mjane, ambaye shamba lake ni dogo, alileta pishi mbili za ufuta kichwani, akasema, "Na mimi nataka kuimba na gitaa hilo."

Tukachaguliwa watu wawili kwenda Dar es Salaam. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilisifiwa uaminifu wa fedha; mwenzangu alichaguliwa kwa sababu ana ndugu Temeke wa kutulaza. Katika sisi wawili hakuna aliyejua kupiga gitaa.

Dukani tuliona gitaa kubwa jekundu, tumbo lake pana, linang'aa kama gari la bwana arusi. Hatukuuliza la pili. Fedha zote zikaishia hapo. Amplifaya hatukununua, tulisema tutachomeka kwenye spika za kanisa, yatosha.

Siku ya Noeli kanisa lilijaa hadi nje. Tulipoanza Utukufu, gitaa likapiga yowe kubwa, likaendelea kulia lenyewe bila kuguswa. Watoto wakaziba masikio, wengine wakacheka. Kijana wetu akachomoa waya, tukamaliza wimbo kwa sauti tupu. Masika yalipofika nyuzi zikaota kutu, na sauti zikawa haziendi pamoja tena. Likatundikwa sakristia. Na kila Jumapili yule mama akinikuta mlangoni aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, gitaa letu halijapona?"

Mwishowe nikalipeleka kwa mzee mmoja fundi wa majahazi, jirani yetu Mwislamu. Hakupata kushika gitaa maisha yake. Akaliinua, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kama anavyotazama ubao wa chombo. Akasema, "Mwalimu, mti huu umepinda. Hukuutazama kabla ya kulipa?"

Sikuwa na jibu. Sisi watu wa Kilwa, ambao mpingo wetu huvushwa bahari ukatengenezwe klarineti za Ulaya, hatuna udhuru wa kutotambua ubao uliopinda.

KWA NINI LILIPIGA YOWE

Tangu siku ile nilianza kujifunza. Fahamu, ndugu msomaji, kwamba magitaa haya ni ya namna tatu.

La kwanza lina tumbo wazi lote. Jamaa yake ni gitaa kavu, lile ambalo wazee wetu waliliita galatoni, kwa jina la magitaa ya Gallotone yaliyotoka Afrika Kusini. Tumbo lake hutetemeka kama ngozi ya ngoma. Ukiliunganisha na umeme, sauti ya spika hurudi na kulitikisa tumbo, tumbo hutikisa nyuzi, nyuzi hupeleka sauti tena kwenye spika, na hivyo hivyo mzunguko usiokoma. Ndilo yowe letu la Noeli. Katika chumba kidogo na sauti ya chini halina shida. Karibu na spika kubwa za kanisa ni taabu.

La pili ni gumu lote, ubao mmoja usio na tumbo. Hilo halipigi yowe upesi, wala halisikitiki sana kwa unyevu. Lakini umeme ukikatika huwa karibu bubu.

La tatu liko katikati, nami naliita gitaa la tumbo nusu. Katikati ya mwili wake umepita mti mzima kutoka shingoni hadi mwisho, na mbavu zake za kulia na kushoto zina uwazi. Kampuni ya Gibson ya Marekani ndiyo iliyotoa gitaa la namna hii lililojulikana kuliko yote, liitwalo ES-335, mwaka 1958. Ule mti wa katikati huzuia tumbo lisitetemeke ovyo, na zile mbavu zilizo wazi huacha sauti iwe ya mviringo, laini, isiyokwaruza. Naam, ukizidisha sauti mno nalo litalia, lakini huvumilia zaidi kuliko lenye tumbo wazi lote.

Kwa kwaya ya kijiji lina faida nyingine. Umeme ukikatika, mpigaji bado anasikia nyuzi zake kidogo, naye aweza kujifunza nyumbani usiku bila mashine na bila kuamsha mtaa.

JE, LAFAA KANISANI?

Wazazi wengine wataniambia, "Gitaa ni la dansi." Siwalaumu. Sisi watu wa pwani hii tunajua dansi. Jina la Kilwa Jazz, bendi ya Dar es Salaam iliyoongozwa na Ahmed Kipande, lilivuma katika miaka ya 1960, na hadi leo wako watu wanaotaja vidole vya Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979. Lakini sikiliza vizuri nyimbo zile za zamani. Magitaa hayapigi kelele. Yanasema kwa zamu, moja likiongoza, jingine likijibu, na mwimbaji anasikika kila neno. Adabu hiyo yafaa kuigwa hata na kwaya.

Na Kanisa limesemaje? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikipa heshima ya kwanza kinanda kikubwa cha kanisa. Kisha uliruhusu ala nyingine pia, kwa idhini ya wenye mamlaka, kama zinafaa ibada, zinalingana na heshima ya nyumba ya Mungu, na zinawasaidia kweli waamini. Kwa hiyo hatua ya kwanza si kwenda dukani. Hatua ya kwanza ni kwenda kwa Baba Paroko, pamoja na halmashauri ya walei, na kuuliza. Akisema ngojeni, ngojeni.

FEDHA ZIGAWENI KABLA YA SAFARI

Kosa letu kubwa lilikuwa kufikiri kwamba gitaa ni gitaa tu. Gitaa la umeme ni kama mtumbwi: bila kasia na nanga hauvui samaki. Ikiwa mna shilingi mia, basi sitini ziwe za gitaa, ishirini na tano za amplifaya ndogo, na kumi na tano za waya mzuri, nyuzi za akiba mafungu mawili, na mfuko mnene wa kubebea. Nauli ihesabiwe kando.

Usitamani Gibson lenyewe. Gitaa jipya la aina ile hupita dola 2,500, na fedha hizo zina kazi nyingine parokiani. Kuna ya bei nafuu yenye umbo lile lile. Epiphone, jina lililonunuliwa na Gibson mwaka 1957, hutengeneza. Ibanez ya Japani ilianza jamii yake iitwayo Artcore mwaka 2002. Harley Benton ni jina la duka kubwa la muziki la Thomann huko Ujerumani. Mapya ya namna hii huko ng'ambo mengi ni kati ya dola 250 na 600, kabla ya usafiri na ushuru. Lililotumika laweza kuwa chini ya hapo, nalo si aibu. Lakini jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa si ushahidi. Mtu yeyote aweza kuandika jina. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

MAMBO SABA DUKANI

Kwanza, nenda na mpigaji. Hata akiwa kijana wa miaka kumi na saba, nauli yake ni akiba kuliko hasara.

Pili, fanya kama yule mzee wa majahazi: liinue, fumba jicho moja, tazama shingo kutoka kichwani hadi tumboni. Upindo mdogo sana waweza kurekebishwa na fundi kwa chuma kilicho ndani ya shingo. Shingo iliyojisokota, iache.

Tatu, mulika kwa tochi katika vile vitobo vya tumboni. Mti wa katikati uonekane. Gonga pia kwa kidole: katikati pasikike pazito, pembeni pasikike kama ngoma. Kama kote ni ngoma, hilo ni ndugu wa gitaa letu la Noeli.

Nne, mpigaji abonyeze kila uzi katika kila chuma cha shingo, kimoja kimoja. Pasiwepo mahali uzi unaponguruma au unapokufa. Halafu apige uzi mtupu, kisha aubonyeze kwenye chuma cha kumi na mbili: sauti iwe ile ile, ila ya juu. Ikitofautiana, gitaa halitapatana na waimbaji.

Tano, akaze nyuzi zote, apige nyimbo mbili kamili, kisha asikilize tena. Vifunguo vikilegea dukani, vitalegea zaidi kanisani.

Sita, chomekeni umeme. Zungusha kila kitufe polepole. Mkwaruzo mdogo hutokana na vumbi, lakini sauti inayokatika ni ugonjwa. Kisha ongezeni sauti mpaka kiasi cha kanisa lenu, na mpigaji asimame karibu na spika. Mwenye duka akikataa jaribio hili, mshukuruni, mwende duka jingine.

Saba, dai stakabadhi yenye tarehe, bei na namba ya gitaa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

LIKIFIKA NYUMBANI

Pwani yetu ina chumvi hewani, nayo haijui uzi wala chuma. Kila baada ya kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, kisha rudisha gitaa katika mfuko wake. Usiliegemeze kwenye ukuta unaopigwa na mvua ya masika, wala usiliache juani au nyuma ya kioo cha gari. Gundi hulegea na mti hupinda. Vile vitobo vya tumbo vifunikwe kwa kitambaa, kwa maana nyigu na mende hawana heshima kwa muziki. Umeme ukipungua na kuzidi, chomoa mashine mpaka utulie.

Tena, sauti iwe ya kiasi. Majirani zetu wengi ni Waislamu, nao wana saa zao za sala. Zoezi la kwaya lisipambane na adhana. Ujirani mwema ni wimbo pia.

NENO LA MWISHO

Utauliza, gitaa jekundu liliishaje? Liko, bado limetundikwa. Nimekataa lisitupwe, ili kila mweka hazina mpya alione. Baada ya miaka mitatu tulilima tena. Safari hii kila pishi iliandikwa katika daftari, na daftari likasomwa mbele ya watu baada ya Misa. Tulimtuma kijana mpigaji pamoja na mama mmoja mwenye masikio mazuri ya sauti ya pili. Walirudi na gitaa la tumbo nusu, la rangi ya kahawia, lililokwisha kutumika, lenye mkwaruzo ubavuni. Waliyapiga matano kabla ya kulichagua hilo. Hakuna aliyelisifu uzuri lilipotolewa mfukoni.

Jumapili ya kwanza kijana alipiga taratibu, chini ya sauti za waimbaji, hata wengine hawakujua kama gitaa limeanza. Yule mama mjane alikuwa benchi la tatu, akiimba. Baada ya Misa alinipita mlangoni. Nilikuwa tayari kwa swali lake, lakini hakuuliza kitu. Alinisalimu tu, akaenda zake huku akiendelea na wimbo ule ule mdomoni.

Basi, ndugu msomaji, gitaa la kwaya si mali ya mpigaji wala ya mweka hazina. Ni pishi za ufuta za watu wengi zilizogeuka kuwa sauti. Nawe ukitumwa kulinunua, kumbuka vichwa vilivyozibeba pishi zile. Yaache macho yako mlangoni mwa duka, uingie na masikio.