Umri wa Bruchi Umeandikwa Machimboni

Barabara kuu ya Dodoma kwenda Mwanza ikishaipita Manyoni huingia Issuna, kata ya Wilaya ya Ikungi, kabla ya kufika Singida mjini. Mali ya huku ni alizeti, mtama, vitunguu, mbuzi na kuku wa kienyeji wanaosafirishwa hadi Dar es Salaam. Lakini weka kidole Issuna kwenye ramani ya vito vya Tanzania, uone ulivyozungukwa. Ukiendelea na barabara hiyohiyo kupitia Nzega unatokea Mwadui mkoani Shinyanga, kwenye almasi. Ukikata Singida kuelekea Babati unakwenda Mirerani na Longido. Ukirudi Dodoma kuna krisoprezi ya kijani ya Haneti na rubi za Winza.

Mawe ya pande hizo yamefika mbali, na baadhi yake yamo kwenye bruchi zinazouzwa leo katika minada ya London, New York na Hong Kong kama mapambo ya zamani. Bruchi tunaijua: ni lile pambo la kubania mtandio, hijabu au kitenge cha harusini. Tusichokizoea ni kuitazama kama mali ya kukusanya, yenye bei inayopanda na kushuka. Nadhani tunapaswa kuanza, kwa sababu moja ya wazi: Mtanzania anayejua machimbo yapi yalifunguliwa lini ana mkononi kipimo cha umri ambacho wanunuzi wengi wa nje hulipia wataalamu.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Mwadui. Mwamba wa almasi wa pale aliugundua mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, mwaka 1940. Oktoba 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, nayo Williamson akaitoa zawadi kwa Princess Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa Novemba mwaka huo. Mafundi wa London waliikata mwaka 1948, ikabaki na karati 23.6. Kisha mwaka 1953 msanifu Frederick Mew wa kampuni ya vito ya Cartier, London, akaifanya kiini cha ua: petali tano, shina refu na majani, vyote vya almasi nyeupe zaidi ya 200. Malkia aliivaa bruchi hiyo kwenye harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981, dunia nzima ikiitazama kwenye televisheni, na ni wachache mno waliojua kwamba kiini cha ua lile kilichimbwa Usukumani.

Tazama hesabu yake. Zaidi ya nusu ya uzito wa jiwe ilipotea kwenye kukata, na bado thamani ikapanda. Hilo si jambo la zamani tu. Mwishoni mwa 2021 almasi nyingine ya waridi ya Mwadui, ghafi, yenye karati 32.32, iliuzwa dola milioni 13.8. Ilikatwa ikabaki karati 11.15, na Oktoba 2022 kampuni ya mnada ya Sotheby's ikaiuza Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Theluthi mbili ya uzito imeondoka na bei imekuwa zaidi ya mara nne, ndani ya mwaka mmoja. Fedha ile yote ya katikati ilipatikana kwenye meza ya mkataji na ukumbi wa mnada, na meza hiyo haikuwa Shinyanga.

Sasa turudi kwa mnunuzi wa kawaida, ambaye hataiona almasi ya waridi maishani lakini anaweza kununua bruchi ya tanzanaiti au ganeti. Katika biashara hii, pambo lililotimiza miaka 100 huhesabiwa la kale hasa, na lenye miaka 20 au 30 na kuendelea huitwa la zamani. Bei hufuata umri huo, kwa hiyo wauzaji wasio waaminifu huuongeza. Hapo ndipo tarehe za machimbo zinapomlinda mnunuzi.

Tanzanaiti ilijulikana mwaka 1967, na Jumanne Ngoma ndiye ambaye Serikali ilimtambua rasmi mwaka 2018 kuwa mgunduzi wake. Kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina hilo na kuanza kuiuza mwaka 1968. Mtu akikuletea bruchi ya miaka ya 1920 yenye tanzanaiti, kimoja kati ya viwili ni kweli: umri ni wa uongo, au jiwe la mwanzo lilitolewa likapachikwa jingine. Hakuna bruchi ya tanzanaiti duniani itakayostahili kuitwa ya kale hasa kabla ya mwaka 2067. Hata bruchi maarufu ya Tiffany ya ndege aliyetua juu ya jiwe, aliyoibuni Jean Schlumberger mwaka 1965, inapokuja na tanzanaiti chini ya miguu ya ndege ujue haimo katika zile za mwanzo kabisa, kwa kuwa jiwe lenyewe lilikuwa halijajulikana.

Kipimo hicho kinafanya kazi kwa mawe mengine pia. Ganeti ya kijani iitwayo tsavoraiti, Campbell Bridges aliiona Tanzania mwaka 1967 na baadaye Kenya, na soko likaifahamu kwa jina hilo kuanzia 1974. Jiwe la Longido, lile la kijani lenye madoa mekundu ya rubi, ni la 1954 na kuendelea. Safaya za rangi nyingi za Bonde la Umba zilianza kuuzwa miaka ya 1960. Rubi za Winza, wilayani Mpwapwa, zilitikisa soko mwaka 2008, kwa hiyo bruchi ya bibi yake mtu haiwezi kuwa nayo. Kwa rubi kuna hatari ya upande wa pili: Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kutengeneza rubi maabarani, na mapambo mengi halisi ya miaka ya 1910 na 1920 yana rubi hizo. Bruchi ni ya zamani kweli, dhahabu ni ya kweli, na jiwe limetoka kwenye tanuri. Wengi huumizwa hapo, kwani wakishathibitisha umri wa pambo huacha kulikagua jiwe.

Jambo ambalo kila mkusanyaji anapaswa kulifanya kabla ya kuuliza bei ni kuigeuza bruchi. Uso wake umetengenezwa ukupendeze. Ukweli uko mgongoni. Angalia pini. Kwenye bruchi nyingi za karne ya 19 pini ni nene, na ncha yake huchomoza nje ya ukingo wa pambo, ikaingia kwenye ndoano iliyo wazi isiyo na kufuli. Kufuli ya kuzungusha inayoizuia pini isichomoke ilienea katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Ndoano wazi peke yake haitoshi kuthibitisha umri, maana mafundi waliendelea kuitumia kwenye mapambo ya bei ndogo, lakini kufuli mpya kwenye pambo linalodaiwa kuwa la 1880 ni swali linalohitaji jibu. Pitisha ukucha pale bawaba inaposhikana na mwili wa bruchi. Ukiona doa la kijivu la risasi ya kulehemu kwenye dhahabu, mtu aliitengeneza kwa haraka, na bei ishuke. Kisha shika lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia, utafute muhuri: 375, 585 au 750 kwa kiwango cha dhahabu, simba anayetembea kwa fedha ya Uingereza, kichwa cha tai kwa dhahabu ya Ufaransa ya karati 18. Mwisho tazama makucha yanayolishika jiwe. Makucha yaliyokunjuliwa na kukunjwa tena huacha mikwaruzo, nayo mikwaruzo hiyo inakuambia jiwe limewahi kutolewa.

Kuna sababu nyingine inayofanya bruchi ifae mawe yetu kuliko pete. Tanzanaiti ni laini kwa kito, kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha ugumu, na hupasuka kirahisi ikigongwa upande fulani. Pete hugonga meza, sufuria na mlango wa gari kila siku. Bruchi hukaa kifuani, huvaliwa kwa shughuli na kurudi sandukuni. Ndiyo maana tanzanaiti za miaka ya 1970 zilizo kwenye bruchi mara nyingi huwa na kingo kali kuliko za kwenye pete za umri uleule. Zisafishwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Mashine za mtetemo na mvuke ziachwe. Na mnunuzi asishtuke akiambiwa jiwe limechomwa: karibu tanzanaiti yote ya buluu ilitoka ardhini ikiwa na ukahawia na kubadilishwa rangi kwa moto. Kitu cha kushtua ni kioo cha buluu. Tanzanaiti ukiigeuzageuza kwenye mwanga hubadilika kutoka buluu kwenda zambarau. Kioo hubaki na rangi ileile.

Upande wa biashara nyumbani, mnyororo tunaujua: mchimbaji, broka, dila, kisha ndege. Sehemu kubwa ya tanzanaiti ya dunia imekuwa ikikatwa Jaipur, India. Serikali ilirekebisha sheria ya madini mwaka 2017 kuzuia usafirishaji wa madini ghafi, ikajenga ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya Mirerani mwaka 2018, na kuanzia 2019 ikafungua masoko ya madini mikoani. Kituo cha Jemolojia Tanzania, Arusha, kinafundisha ukataji na usonara. Hatua hizo nazikubali. Kinachokosekana ni wanunuzi wa hapa wanaolipia ufundi. Sonara wengi wa Kariakoo, Zanzibar na Mombasa wakiletewa bruchi ya zamani huiweka kwenye mizani: dhahabu inahesabiwa kwa gramu, jiwe linachokolewa pembeni, pambo linayeyushwa liwe mkufu. Kila pambo linaloyeyushwa hivyo linaondoka na kazi ya fundi ambayo hairudi. Mkusanyaji mwenye macho anaweza kuliokoa kwa kuongeza kidogo tu juu ya bei ya dhahabu, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia kwa mtu mwenye mtaji mdogo.

Asitegemee faida ya haraka. Bruchi kwa kawaida huuzwa chini ya pete yenye jiwe la ubora uleule, kwa sababu wanaoivaa ni wachache, na anayenunua dukani leo akairudisha kesho hupoteza sehemu kubwa ya fedha. Unafuu huo wa bei ndio unaomfaa mkusanyaji, maana ananunua jiwe zuri kwa bei ambayo kwenye pete asingeiweza. Lakini fedha ya ada ya shule au ya mbegu za msimu isiingie humo.

Kwa aliyeko Issuna mwenye fedha ya alizeti na hamu ya kuanza, ningemshauri aanze na kitu kimoja kizuri badala ya vitano vya kubahatisha. Jiwe lipimwe maabara kabla hajalipa, na muuzaji akikataa, safari iishie hapo. Risiti iandike jina la jiwe, uzito, kama limechomwa, na mwaka unaodaiwa wa pambo, kwa maandishi ya muuzaji mwenyewe. Akinunua jiwe lisilopachikwa, anunue kwa dila mwenye leseni, kisha atafute sonara atakayekubali kugonga nyuma ya bruchi jina lake, karati za dhahabu na mwaka. Mihuri ya namna hiyo ni adimu kwenye kazi za mafundi wetu, na bila hiyo bruchi nzuri iliyotengenezwa Arusha inauzwa nje kwa bei ya jiwe na gramu za dhahabu tu, wakati ya Cartier inauzwa kwa bei ya jiwe, dhahabu na jina la aliyeitengeneza.