Malimbuko ya Mtama Kandokando ya Ziwa Kivu

Katika nchi zinazolizunguka Ziwa Kivu, tangu kisiwa cha Ijwi kilicho kaskazini ya Ibanda yetu hapa Bukavu hadi milima ya Rwanda ng'ambo ya mto Ruzizi, na kusini zaidi katika Burundi, ilikuwapo tangu zama za wahenga sikukuu moja yenye taadhima kuu, nayo ni sikukuu ya mtama, ambayo kwayo mwami na raia wake walikutana kila mwaka kuiombea ardhi baraka na kuitolea shukrani rutuba yake. Wengi hudhani kuwa ilikuwa fahari ya wafalme peke yao. Lakini mwenye kuichunguza kwa makini ataona ya kuwa humo ndimo raia walimoushika ufalme mikononi mwao.

Tuanze na Rwanda, ambako sikukuu hii huitwa Umuganura. Mtama na ulezi wa kwanza uliletwa katika makao ya mwami chini ya uangalizi wa ukoo wa Abatsobe, waliorithishana kazi hiyo baba kwa mwana, na mwami akaulimbuka kwa niaba ya nchi nzima. Mwaka 1925 serikali ya Wabelgiji ilimhamishia Burundi Gashamura, mkuu wa ukoo huo, na sikukuu ikakoma, ilhali mwami Musinga mwenyewe alibaki katika kiti chake mpaka mwaka 1931. Katika tukio hilo mna ibra kubwa: mfalme alikuwapo, mtama ulikuwapo, lakini alipoondolewa mwenye kuishika ada, ada yenyewe ilianguka.

Huko Burundi, Umuganuro uliadhimishwa majira ya kupanda mtama, karibu na mwezi wa Desemba, pamoja na Karyenda, ngoma takatifu ya ufalme. Nao ulikoma mnamo mwaka 1929.

Ama katika Ijwi, mwanahistoria David Newbury, aliyewasikiliza wazee wa kisiwa hicho katika miaka ya 1970 na kutoa kitabu chake mwaka 1991, ameeleza ya kuwa wakazi wake ni wana wa koo nyingi, ambao wazee wao walivuka maji kutoka pwani za mashariki na za magharibi kwa nyakati mbalimbali. Palipofanyika Muganuro mbele ya mwami wa ukoo wa Basibula, watu wa koo hizo walikuwa na kazi zao maalumu, na bila ya wao hapakuwa na sikukuu. Na kwa kushirikiana katika ibada hiyo, watu wa asili mbalimbali walijiona kuwa raia wa nchi moja.

Wala hekima hii si yetu sisi pekee. Katika nchi ya Japani, tarehe 23 Novemba kila mwaka, Mfalme wa nchi hiyo huwatolea miungu mchele mpya kisha huuonja mwenyewe, na mahekalu ya dini ya Shinto nayo huiadhimisha siku hiyo. Mfalme Naruhito alipofanya ibada hiyo kwa mara ya kwanza baada ya kutawazwa, Novemba 2019, mchele wake ulitoka katika mashamba ya mikoa ya Tochigi na Kyoto, iliyochaguliwa kwa kusoma nyufa za gamba la kasa lililotiwa motoni. Hivyo hata mfalme wa taifa lenye utajiri mkubwa alingojea jasho la mkulima ndipo ibada yake itimie.

Umuganura umehuishwa Rwanda, nao huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti, vyakula vya mavuno vikishirikiwa na watoto wakinyweshwa maziwa. Basi ndugu msomaji, ukijaliwa kuihudhuria sikukuu ya namna hii, enda kwa adabu na idhini ya wenyeji, wala usiridhike na kumtazama mkubwa aliyekaa kitini. Uliza ni nani aliyeleta mbegu, nani aliyesaga unga, na nani aliyerithishwa ngoma, kwa maana hao ndio nguzo za sikukuu, na nchi itakayowasahau haitaweza kuihifadhi ada yake hata ikiwa na wafalme mia.