Kamera za ulinzi Kyela: uliza kwanza picha itapita wapi

Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Kwa Kyela, wilaya inayoongoza nchini kwa zao hilo, maana yake ni kwamba mbegu zinazoanikwa uani zikawa mali ya kulindwa usiku na mchana. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga Ipinda ana hofu hiyo hiyo, kama alivyo nayo mwenye nyumba ya wageni Matema na mwenye duka pale mpakani Kasumulu. Wapo pia waliojenga nyumbani Kyela huku wao wakiishi Mbeya au Dar es Salaam, na hao ndio wenye haja kubwa zaidi ya kuitazama nyumba wakiwa mbali.

Kwenye duka la kamera, swali la kwanza la mnunuzi huwa ni ubora wa picha: kamera ina megapikseli ngapi, usiku inaona rangi au haioni. Kwa maoni yangu hilo ni swali la tatu. La kwanza ni picha itamfikiaje, na la pili ni itahifadhiwa wapi.

Zamani fundi alifungua mlango kwenye ruta, mwenye nyumba akaingia moja kwa moja kwa anwani ya mtandao wake. Kwa laini za simu, ambazo ndizo intaneti ya nyumba nyingi huku, njia hiyo kwa kawaida haifanyi kazi, kwa kuwa kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ndiyo maana mifumo ya sasa hutumia msimbo wa kuskani uliobandikwa chini ya kamera au mashine ya kurekodi. Kamera hujitambulisha kwenye seva ya mtengenezaji, simu yako nayo hivyo hivyo, kisha seva huviunganisha. Hikvision wana Hik-Connect, Dahua wana DMSS, na kamera nyingi za bei ya chini hutumia V380. Pakua programu uitazame kabla ya kununua, maana ndiyo utakayoishi nayo.

Sasa hesabu ya bando. Picha ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, na hulipiwa pande zote mbili: laini iliyoko nyumbani na simu iliyoko mkononi. Ukitaka kamera moja tu ipeleke picha hiyo mawinguni mfululizo, ni gigabaiti 10.8 kwa siku, zaidi ya 320 kwa mwezi. Kwa bando la simu hilo halibebeki. Hifadhi nyumbani, tazama kwa mbali pale tu inapobidi, na ukitazama bonyeza SD badala ya HD. Kamera nne zinazorekodi kwa megabiti 2 kila moja hujaza diski ya terabaiti 1 kwa siku kama 11, kisha mashine huanza kufuta picha za zamani. Intaneti ikikatika, kurekodi hakukatiki.

Umeme ukikatika ni habari nyingine. Kyela hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na radi zake huua ruta na mashine za kurekodi. Kinga ya umeme, waya wa ardhini na betri ya kushikilia ruta pamoja na mashine si vya kuahirisha. Kamera za sola zenye laini zake za simu zinafaa shambani, ila nyingi hulala ili kutunza betri na huamka zikihisi mtu, hivyo sekunde za mwanzo za tukio zinaweza kupotea.

Kuna jambo la Ziwa Nyasa ambalo maelezo ya kwenye boksi hayalitaji. Wadudu wa ziwa wakiinuka kwa makundi usiku, hung'aa mbele ya taa za kamera, kamera ikadhani ni mtu, na simu ya mwenye nyumba aliyeko Dar ikalia hadi akaizima. Utando wa buibui hufanya vivyo hivyo. Chagua kamera inayotambua umbo la mtu au joto la mwili, na taa ya nje ikae mbali nayo.

Ugomvi mwingi, hata hivyo, huzaliwa kwenye akaunti. Fundi huskani msimbo kwa simu yake, mfumo ukawa wake, wewe ukawa mgeni uliyealikwa. Akibadilisha namba, umebaki nje ya nyumba yako. Isajili mwenyewe, tena kwa baruapepe: anayevuka daraja la Songwe kwenda Karonga na kuweka laini ya Malawi huenda asipate ujumbe wa uthibitisho kwenye namba ya Tanzania. Ndugu wapewe ruhusa ya kutazama tu, kila mmoja kwa akaunti yake. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku hiyo hiyo. Oktoba 2016 kirusi cha Mirai kilitumia nywila za aina hiyo kuteka maelfu ya kamera na mashine za kurekodi, na mitandao mikubwa ikiwamo Twitter ikayumba.

Mwenye duka au nyumba ya wageni akumbuke pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sura za wateja ni taarifa zao. Weka tangazo mlangoni, na kamera isielekee chumbani wala bafuni.

Kabla ya kumlipa fundi, zima waifai kwenye simu yako, washa data ya mtandao mwingine, fungua picha ya jana saa nane usiku. Kisha mwombe azime umeme kwenye swichi kuu, ujaribu tena.