Unataka matunda damu nyuma ya keja? Chunga baridi ya Julai

Wasee wa Majengo pale Nyeri, yale matunda damu mnayosagia juisi yanaweza kumea hapo hapo nyuma ya keja. Mti wenyewe asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, kwa hivyo baridi ya kawaida haiushtui. Kinachoumaliza ni barafu ya alfajiri: usiku mmoja mbaya wa Julai, majani yanageuka meusi, na mche mchanga umeenda hivyo. Upande karibu na ukuta, upepo usiufikie, juu mizizi yake haiendi chini sana na matawi huvunjika ovyo. Ukifika mita moja, kata ncha ndio utoe matawi. Usiuweke kando ya viazi. Ni ukoo mmoja, magonjwa wanagawana. Utakula baada ya mwaka na nusu hivi. Ganda achana nalo, ni chungu mbaya.