Kilo za goti kwa mizani ya vyuma chakavu

Mgonjwa wa kiharusi anayeanza mazoezi huambiwa anyooshe goti, mtaalamu anausukuma mguu kwa mkono, kisha anaandika alama. Kipimo hicho cha 0 hadi 5 kilienea kutoka Uingereza enzi za Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya majeruhi wa mishipa ya fahamu. Alama 3 ni mguu unaoweza kujiinua wenyewe. 5 ni mguu mzima. Katikati ipo 4, na humo ndimo wengi wanamopotelea. Mama anayesimama kwa kushika meza na kijana anayekaribia kurudi uwanjani wanaweza wote kuandikiwa 4, tena mwezi mzima, ingawa mguu unaongezeka nguvu.

Kiharusi si jambo dogo kwetu. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006, baada ya kusawazisha tofauti za umri, ulikadiria wagonjwa wapya wa kiharusi 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na 315.9 jijini Dar es Salaam. Mashine kamili za kupima nguvu za misuli huuzwa kwa mamilioni mengi ya shilingi. Mgonjwa wa Kihonda Maghorofani, mjini Morogoro, atazisikia tu.

Lakini mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa vyuma chakavu, inapatikana. Mgonjwa anakaa kwenye meza imara, miguu ikining'inia, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Mkanda mpana unafungwa juu kidogo ya kifundo cha mguu. Mnyororo unatoka hapo kurudi nyuma hadi kwenye mguu wa meza, mizani ikiwa katikati. Anasukuma mbele kwa sekunde 3 hadi 5, goti lisisogee. Kamba ya nailoni haifai, inavutika. Mnyororo ulale sambamba na sakafu: ukiinama nyuzi 30, mizani itasoma takriban asilimia 15 zaidi, na mgonjwa ataonekana amepata nafuu ambayo hana. Pima pia kutoka gotini hadi kwenye mkanda. Kilo 20 kwa umbali wa sentimita 35 ni takriban nyutoni-mita 69. Mkanda ukishushwa, kilo zinapungua ilhali misuli ni ileile.

Mizani nayo ijaribiwe kabla ya kuaminiwa. Pima dumu tupu, lijaze lita 20 za maji. Ongezeko liwe kilo 20. Ongeza dumu la pili, rudia siku nyingine. Inayopunja kiasi kilekile kila mara inavumilika, maana tunafuatilia mabadiliko ya mtu mmoja. Inayosema hivi leo na vile kesho haifai kabisa.

Mizani ndogo za mabegi nyingi hukomea kilo 50. Kwa mzee inatosha; mchezaji mpira anaweza kuipita. Nyingine hutoa namba pale tu mzigo unapotulia, na mguu dhaifu hutetemeka, kwa hiyo itafutwe inayoshika namba ya juu. Mwenye presha asizibe pumzi anaposukuma, na goti lililotoka kufanyiwa upasuaji lisubiri ruhusa ya daktari.

Ningependa kuona wataalamu wawili wakimpima mgonjwa mmoja bila kuoneshana majibu, kisha mizani hiyo ikapambanishwa na mashine kamili. Hospitali ya KCMC, Moshi, wanakofundisha fiziotherapia, ni mahali pa kuanzia. Kihonda tuna mafundi wa kuchomelea. Kiti cha chuma kisichoyumba, chenye ndoano nyuma, wanaweza kukitengeneza wiki hii.