Sayansi za Jamii Chuo Kikuu: Mwalimu wa Shule ya Msingi Atazamie Nini?

Wanachuo wengi wanaokaribia kumaliza masomo yao hutujia na swali moja, nalo huulizwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni jambo la aibu: Je, baada ya kufundisha miaka michache, mwalimu wa shule ya msingi aweza kwenda Chuo Kikuu kusoma sayansi za jamii, na akishasoma atakuwa nani? Muhula uliopita mmoja wao alitueleza kwamba baba yake alimwuliza swali hilo hilo kwa ukali zaidi. Mtoto wa jirani anasomea udaktari, akimaliza atakuwa daktari. Mwingine anasomea uhandisi, naye atakuwa mhandisi. "Wewe ukisoma jamii, utakuwa jamii?" Kijana hakuwa na jibu. Tunakiri kwamba siku ile nasi tulimjibu kwa haraka, kwa maneno ya kumtia moyo tu, na makala haya ni jaribio la kumjibu vema zaidi.

Sayansi za jamii ni kundi la masomo yanayochunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja: wanavyozalisha mali na kuigawana, wanavyotawala na kutawaliwa, wanavyooana, wanavyohama na wanavyoamini. Humo mna uchumi, sayansi ya siasa, sosholojia, anthropolojia na sehemu kubwa ya jiografia. Historia wengine huihesabu humo na wengine huiweka pamoja na fasihi na falsafa. Ugomvi huo tunawaachia wenyewe. Kwa mwalimu, jambo la kufahamu ni kwamba mwanafunzi wa masomo haya hujifunza hasa namna ya kuuliza, kuhesabu, kusikiliza na kupima ushahidi.

Maelezo matupu hayatoshi, hivyo tutoe mfano uliotokea hapa nchini. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria tu. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili. Mwaka 1968, kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Idara ya Historia iliendesha mradi wa kuwatuma wanafunzi wake kwenda kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Hadi wakati ule, sehemu kubwa ya habari zilizoandikwa juu ya vita hivyo ilitokana na maofisa wa Kijerumani na wamisionari. Hebu tufanye hesabu. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1893 alikuwa na umri wa miaka 12 vita vilipoanza. Mwaka 1968 alikuwa mzee wa miaka 75. Laiti kazi ile ingeahirishwa kwa miaka ishirini, wengi wa mashahidi wangalizikwa pamoja na ushahidi wao.

Kazi ya namna hiyo si kukaa na mzee na kuandika kila atakalosema. Ni lazima kujua msemaji ni nani, aliona kwa macho yake au alisimuliwa, ukoo wake ulikuwa upande gani, na kama jirani yake wa kijiji cha pili anasimulia vivyo hivyo. Maandishi ya mradi ule yalikusanywa mwaka 1969, na ndani yake ilionekana kwamba sababu za watu kuingia vitani hazikufanana kila mahali. Kero ya kulimishwa pamba kwa nguvu, iliyosikika sana Umatumbi, haiwezi peke yake kueleza mambo yaliyotokea Ungoni.

Au tutazame idadi ya waliokufa. Serikali ya Kijerumani ilikadiria Waafrika 75,000. Mwanahistoria Gwassa, aliyechunguza sana vita hivyo, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mwanachuo anayekutana na tarakimu hizi mbili atashawishika kuchagua moja na kuikariri kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi wa sayansi za jamii huuliza kwanza: Ni nani aliyehesabu? Alihesabu nini? Waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa waliingizwa au la? Na je, mwenye kuhesabu alikuwa na sababu ya kupenda tarakimu iwe ndogo au kubwa? Anayejizoeza kuuliza hivyo kwa miaka mitatu hawezi tena kusoma gazeti, taarifa ya wizara au hata ubao wa matokeo ya mtihani kama alivyousoma zamani.

Sasa turudi kwa kijana wetu, kwa maana kisa chake kina sehemu ya pili. Alipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, alipangiwa shule moja ya kijijini iliyo karibu na mto. Kila Jumatano, siku ya gulio, darasa la tano lilipungua sana. Walimu wote walijua sababu: wazazi wachuuzi huwachukua watoto wao wakauze. Watoto walipofika Alhamisi walipigwa viboko. Sisi wenyewe tulipokwenda kukagua tulielezwa mambo hayo, tukatikisa kichwa, na katika kitabu cha wageni tukamsifu mwalimu mkuu kwa nidhamu ya shule yake. Maneno yale bado yamo kitabuni.

Kijana alichukua daftari la mahudhurio la miezi mitano, akaandika jina la kila mtoto aliyekosa Jumatano, na mbele ya jina akaandika mahali anapokaa na kazi ya mzazi. Hakuna aliyemtuma. Alikuta kwamba watoto wa wachuuzi walihudhuria kama watoto wengine. Waliokosa walikuwa karibu wote wa ng'ambo ya mto. Alikwenda ng'ambo Jumamosi moja akauliza, akaelezwa jambo ambalo kila mtu wa huko alilijua: siku ya gulio mitumbwi yote hubeba mizigo ya wafanyabiashara tangu alfajiri, na watoto hawana wa kuwavusha. Kwa miezi mitano watoto walikuwa wamechapwa kwa kosa la mitumbwi. Serikali ya kijiji ilipopewa orodha ile iliagiza mtumbwi mmoja uwavushe watoto kwanza, kabla ya mizigo.

Kijana huyu hakujua kwamba alichofanya kina jina na kwamba watu hukisomea shahada. Alianza na dhana ya watu, akaipima kwa hesabu, ilipoanguka akaenda kuwasikiliza wahusika.

Tukija kwenye swali la baba yake, hatuna budi kusema kweli. Shahada ya sosholojia au ya sayansi ya siasa haina mlango mmoja wenye jina lake. Waliosoma masomo haya hukutwa kwenye ofisi za mipango na maendeleo ya jamii katika halmashauri, katika ustawi wa jamii, utawala, magazeti na redio, mashirika ya hiari, utafiti, na katika Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo kazi yake kubwa ni sensa. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12 na ushei; ile ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Bila tarakimu hizo hakuna awezaye kusema kwa hakika madarasa mangapi yahitajiwa na wapi. Walimu wengi wamepata kuwa makarani wa sensa, na hao hufahamu ugumu wa kumwuliza mtu umri wake.

Lakini milango kuwa mingi si sawa na nafasi kuwa nyingi. Wako wahitimu waliokaa miaka bila kazi ya kudumu. Aidha, mwalimu aliyeajiriwa asidhani kwamba akirudi na shahada isiyo ya ualimu atahamishiwa kada nyingine papo hapo. Jambo hilo hutegemea kibali na bajeti, na wengine wamelingoja kwa muda mrefu. Anayeondoka bila ruhusa ya maandishi ya mwajiri hujitia katika hatari ya kupoteza kazi aliyo nayo.

Aghalabu hutajwa mfano wa Mwalimu Nyerere. Alipata stashahada ya ualimu Makerere, akafundisha Tabora, kisha akasoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, na miongoni mwa masomo yake mlikuwa na uchumi, historia, sheria ya katiba na anthropolojia. Mfano ni mzuri, ila hutumiwa vibaya. Watu huruka mara moja hadi Ikulu na kusahau kwamba aliporudi kutoka Uingereza alikwenda kufundisha Pugu.

Kuhusu njia ya kuingia, tutasema machache. Sifa za kuingilia hutangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu, nazo hubadilika, kwa hiyo asomewe mwongozo wa mwaka husika badala ya maneno ya barazani. Mwenye cheti peke yake kwa kawaida hulazimika kupitia kwanza stashahada au kidato cha sita. Asiyeweza kuacha kazi atazame Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994. Tena atofautishe shahada ya sosholojia na shahada ya sanaa pamoja na elimu: hii ya pili humpa historia au jiografia na humwacha bado mwalimu. Kwa wengi wenu ndiyo tungeipendekeza.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba kijana asitoke kidato cha sita moja kwa moja kwenda Chuo Kikuu, bali afanye kazi kwanza. Utaratibu huo uliachwa baadaye, na ulikuwa na matatizo yake, hasa kwa wasichana. Hata hivyo tunaona kulikuwa na busara ndani yake. Mtu aliyefundisha darasa la watoto tisini huingia katika mhadhara juu ya umaskini akiwa na maswali yake mwenyewe mfukoni.

Kijana wetu amepangiwa shule mwezi huu. Tumemshauri afundishe miaka mitatu kabla ya kuomba, na baba yake, tulipoonana naye, alikubali kwa masharti kwamba mshahara wa kwanza uezeke nyumba. Amechukua nakala ya ile orodha ya Jumatano, na amenunua daftari jipya.